Bahati, Umahiri na Hadhi ya Mhusika wa Kawaida

Je, ni haki kuupima umahiri wa mtu kwa bahati? Swali hili, ambalo kwa kawaida huachiwa wanafalsafa, limejibiwa kwa namna ya pekee katika michezo ya kuigiza wahusika, utanzu uliopata umbo lake Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons. Humo wachezaji husimulia hadithi kwa pamoja, na dadu huamua iwapo tendo la mhusika limefaulu.

Kanuni hizo zilibuniwa kwa ajili ya mashujaa. Tatizo hujitokeza tunapomleta seremala. Katika toleo la tatu la mchezo huo (2000), mchezaji hurusha dadu ya nyuso 20, hujumlisha kiwango cha ustadi wa mhusika, na jumla hiyo sharti ifikie kiwango cha ugumu wa kazi. Tuchukue seremala mwenye ustadi wa 4 na kazi yenye ugumu wa 10. Dadu ikionyesha 1 hadi 5, ameshindwa. Yaani, kwa wastani, mara 5 katika kila 20. Seremala aharibuye kiti kimoja katika kila vinne si seremala.

Watunzi walilitambua hilo. Toleo lilo hilo linamruhusu mhusika asiyetishwa wala kubughudhiwa ahesabu kana kwamba dadu imeonyesha 10. Seremala wetu hupata 14, na kiti husimama.

Yaweza kudaiwa kwamba huko ni kumfuta: pasipo hatari hapana kisa, na pasipo kisa hapana mhusika. Dai hili lina uzito, kwani hata riwaya nyingi humkumbuka mpishi siku ile tu anapounguza chakula. Hata hivyo, linachanganya mvuto wa tukio na thamani ya mtu. Aristotle alifundisha kuwa mtu huwa mjenzi kwa kujenga, na kwamba fadhila nazo hupatikana vivyo hivyo, kwa kutenda. Umahiri, basi, ni historia ya mtu iliyokwisha kuingia mikononi mwake. Kuurejesha kwenye dadu kila asubuhi ni kumnyang'anya historia hiyo.

Kwa maoni yetu, kanuni ya 10 ni hukumu ya kimaadili kabla ya kuwa mbinu ya mchezo. Inamfunza mhakiki pia: akutanapo na mhusika mdogo ambaye kazi yake haiharibiki, asiuchukulie ukimya huo kuwa utupu.