Kongamano Bila Mgeni Rasmi

Maktaba za vyuo vyetu zimejaa tasnifu kuhusu foleni. Yupo aliyehesabu daladala pale Mwenge, yupo aliyehoji bodaboda wa Kampala, yupo aliyekesha mpakani akiandika saa za kuingia na kutoka kwa malori. Kila mmoja alitetea kazi yake mbele ya wahadhiri wachache, akapongezwa, akavaa joho, na kazi ikapandishwa rafuni kula vumbi. Mwaka uliofuata mdogo wake akaenda kituo kilekile kuhesabu magari yaleyale, maana hakujua kama kuna aliyemtangulia.

Sasa basi. Ninyi mnaosoma uhandisi wa barabara, mipango miji, jiografia au usimamizi wa usafirishaji, kuanzia Mabibo ya Dar es Salaam hadi Makerere, kuanzia Nairobi hadi Kigali na Bujumbura, itisheni kongamano lenu la utafiti wa usafiri katika kanda hii. Sisemi mwende kwenye kongamano la wakubwa mkagawe vitambulisho na maji ya chupa. Tangazeni wenyewe, chujeni mada wenyewe, ongozeni vikao wenyewe, na mbanane kwa maswali wenyewe kwa wenyewe.

Atakayewaambia wanafunzi hawawezi, mwonyesheni Nairobi. Mwaka 2012 jiji lile lilikuwa likitembea kwa matatu, lakini hapakuwa na ramani kamili ya umma iliyoonyesha matatu zinapita wapi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na watafiti wa vyuo vikuu vya MIT na Columbia vya Marekani, wakaingia ndani ya magari hayo na simu zao. Gari likienda, simu inarekodi njia. Gari likisimama, wanatia alama, hata kama hapo hapana kibao wala kibanda, ila watu tu wanaojua kwamba hapo ndipo matatu hupakia. Mwaka 2014 ramani ikatoka, ina njia zaidi ya 130, zimepakwa rangi kama ramani za treni za London. Takwimu zikaachwa wazi kwa kila mtu, na mwaka 2015 njia hizo zikaingia kwenye Google Maps.

Ilichofichua ramani ile ndicho kinachonisisimua zaidi. Ukiitazama unaona karibu kila njia inakimbilia katikati ya mji. Anayetaka kutoka mtaa mmoja wa pembeni kwenda mwingine wa pembeni analazimika kwanza kupita mjini na kupanda gari la pili. Abiria walilijua hilo kwa miguu yao na mifuko yao, ila lilikuwa halijachorwa mahali ambapo mpangaji wa mji angeshindwa kulikwepa. Kilichohitajika ni simu, nauli na vijana wasioona haya kukaa kiti cha nyuma.

Kwa nini kongamano liwe la kanda, lisiwe la chuo kimoja? Kwa sababu barabara zenyewe hazijali mipaka, na sisi tunazisoma kana kwamba zinaishia kwenye geti la forodha. Bodaboda ilianzia mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa baiskeli zilizovusha abiria, na leo huwezi kuizungumzia Dodoma wala Goma bila kuitaja. Dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam kwenda Kigali akivuka daraja la Rusumo anahama kutoka kushoto kwa barabara kwenda kulia. Huyo dereva anahitaji watafiti wa pande zote mbili waliokwisha kukaa meza moja.

Na wakikaa, waanze na jambo linaloonekana dogo: kupima kwa namna moja. Chukua muda wa kusubiri. Abiria anafika kituoni saa 12 asubuhi, anaingia ndani ya basi dogo dakika tano baadaye, anakaa. Gari haliondoki. Konda anapiga bati na kuita, anataka lijae kwanza. Sasa niambieni, kusubiri kumeisha lini: alipokaa, au magurudumu yalipozunguka? Mwanafunzi wa Nairobi akisimamisha saa abiria anapokaa, na wa Dar akaisimamisha gari linapoondoka, majedwali yao hayawezi kulinganishwa hata yachapwe kwa wino wa dhahabu. Hilo halimalizwi kwa barua pepe. Linamalizwa kwa mabishano ya ana kwa ana, ubao ukiwa mbele, na konda mmoja akiwa amealikwa kuwacheka wote.

Halafu kuna jambo lisilosubiri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua kuliko hizo. Umri huo ni wenu na wa wadogo zenu. Pale Dar es Salaam shirika la Amend lilianza kwa kuuliza watoto wanagongewa wapi wakienda shule, kisha likaweka matuta, vivuko na njia za waenda kwa miguu mahali hapohapo. Watoto wanaoumia wakapungua, na mwaka 2019 mradi huo ukapata tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI. Ulizeni swali hilohilo kwenye shule iliyo jirani na chuo chenu.

Mtasema fedha hamna. Ukumbi wa mihadhara Jumamosi huwa mtupu, na mwenyeji ana godoro la kumtandikia mgeni. Futeni posho. Futeni na mgeni rasmi, maana akichelewa saa mbili mada zote za asubuhi zinageuka salamu na itifaki. Wahadhiri waje, wakae mbele, wasikilize. Anayetaka kuwasilisha kwa Kiswahili awasilishe kwa Kiswahili, ili konda aliyealikwa aweze kumpinga. Na sharti moja lisilegezwe: hakuna kupanda jukwaani bila kuacha takwimu zako kwa wenzako.

Tangazo la ukurasa mmoja linatosha: tarehe, ukumbi, na swali lile la kusubiri kama mada ya kwanza. Litumeni kwa vyama vya wanafunzi vya nchi jirani kabla mitihani haijawatawanya, kisha kesho saa 12 asubuhi muwe kituoni na saa, kalamu na karatasi.