Kutazama Mji Kutoka Juu

Masomo: Kumbukumbu la Torati 34:1-5, Mathayo 4:5-10, Luka 19:41-44



Sisi tukaao Nyanda za Juu Kusini hatuna taabu ya kutafuta mlima. Mtu wa Mbeya akifungua mlango asubuhi, Loleza upo mbele yake. Mtu wa Iringa hawezi kwenda sokoni bila kuiona miamba iliyo juu ya mji. Labda ndiyo sababu twaisahau. Tumezoea kuwaona wageni wakiuliza njia ya Gangilonga au ya Ziwa Ngozi, nasi twajiuliza wanakwenda kufanya nini mahali pasipo na soko wala shamba. Hata hivyo vijana wa mitaa yetu nao hupanda, hasa siku za sikukuu. Ni jambo jema, na twapenda kulisemea neno.

Maandiko Matakatifu yana habari tatu za mtu aliyesimama mahali pa juu akatazama chini. Katika zote tatu kitendo ni kimoja, lakini macho si yale yale. Basi, tunalotaka kusema ni hili: kimo cha mlima hakimtakasi mtu. Moyo wake hujulikana kwa jinsi anavyotazama akiwa juu, na kwa mahali anapokwenda akiisha kushuka.

KUTAZAMA ILI KUMILIKI

Twende kwanza Gangilonga. Njia ni fupi. Kutoka nyumba za mwisho mtu mwenye afya hupanda kwa dakika chache tu, kwanza kwenye udongo na majani, kisha juu ya mwamba wenyewe, ambapo ni afadhali kuvua viatu vinavyoteleza. Jina la mwamba huo kwa Kihehe maana yake ni jiwe linalosema. Wazee husimulia kwamba Mtwa Mkwawa alikuwa akikaa hapo kutafakari, na kwamba hapo ndipo alipopata kujua kuwa Wajerumani wanakuja.

Ukifika juu, mji wote wa Iringa umelala mbele yako: mabati yanayong'aa, misalaba ya makanisa na minara ya misikiti, miti katikati ya nyumba, na vilima ng'ambo. Upepo huvuma, na sauti za mjini hupanda zikiwa ndogo. Ni mahali pazuri sana, hasa jua linapokuchwa.

Lakini nchi hii nzuri ilipata kutazamwa kwa tamaa. Wahehe waliwashinda Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891. Wajerumani wakarudi, wakaiteka ngome ya Kalenga mwaka 1894. Mkwawa aliendelea kupigana mpaka mwaka 1898, akajiua asije akakamatwa. Fuvu la kichwa chake likachukuliwa, na halikurudishwa kwa watu wake hadi mwaka 1954. Katikati ya mji uutazamao pana mtaa uitwao Kitanzini, na wenyeji husema jina hilo latokana na kitanzi ambacho wakoloni walinyongea watu. Ukiwa juu ya jiwe huoni kitanzi. Waona mabati tu.

Sasa tusome Mathayo. Ibilisi alimchukua Bwana wetu mpaka mlima mrefu, akamwonyesha milki zote za ulimwengu pamoja na fahari yake. Tuangalie vizuri alichoonyeshwa. Alionyeshwa fahari. Hakuonyeshwa mjane anayedaiwa kodi, wala mgonjwa asiye na nauli ya kwenda hospitali. Kutoka mbali fahari huonekana, machozi hayaonekani. Ndiyo maana mjaribu alichagua mlima.

Wakoloni wameondoka, lakini macho yale yamebaki. Mtu hufika juu, akapumua, akaanza kuhesabu: kiwanja kile kingenifaa, nyumba ile ya ghorofa ni ya nani, shamba lile laweza kununuliwa kwa bei rahisi kwa kuwa mwenyewe ana shida. Bwana wetu alikataa kutazama hivyo. Alimjibu mjaribu kwamba ibada ni ya Mungu peke yake. Kwa kuwa nchi ni ya Mungu, hakuna mtu anayeweza kuitazama kana kwamba ni karamu aliyoandaliwa yeye.

Hapo tuwaambie vijana wetu neno moja zaidi. Kabla ya jaribu hilo Ibilisi alimweka Bwana juu ya kinara cha hekalu, akamtaka ajitupe chini ili malaika wamdake. Siku hizi wengine husogea mpaka ukingo wa mwamba wapate picha ya kuwaonyesha wenzao. Kumjaribu Mungu ndiko huko. Mwamba uliolowa hauna urafiki na mtu, na mama yako anakungoja nyumbani.

KUTAZAMA KWA AJILI YA WENGINE

Kutoka Iringa tufuate barabara kuu hadi Mbeya, safari ya kilometa zaidi ya 300, kisha tushike njia ya Tukuyu mpaka Isongole, katika milima ya Uporoto. Huko yako mapito ya kwenda Ngozi. Mwendo wa msituni ni kama saa moja au zaidi kidogo, kufuatana na matope na miguu ya watu. Kwanza ni miti mikubwa yenye kuvu na kamba za porini, baadaye mianzi, halafu mpando mkali ambapo mtu hushika mizizi kwa mikono. Wenye nguvu hutaka kutangulia. Lakini kikundi cha Wakristo hutembea kwa mwendo wa aliye nyuma, kwa maana yeye akiachwa, hao waliofika hawajafika pamoja.

Halafu ghafula msitu waisha, nawe uko ukingoni. Kimo ni mita zipatazo 2,600. Mbele yako ukuta wa mlima washuka kama mita 200 mpaka ziwani. Hili ni shimo la volkano lililojaa maji, urefu wake kama kilometa mbili na nusu, na wengi husema umbo lake lafanana na ramani ya Afrika. Maji yametulia, rangi yake ni kijani. Wageni wengi huishia hapo ukingoni. Huyaona maji wasiyaguse, wakageuka na kurudi.

Na mara nyingine hata kuyaona hawayaoni. Ukungu hufunika shimo lote, na mtu aliyetoka jasho tangu asubuhi hutazama weupe mtupu. Yampasa kuketi na kungoja. Pengine upepo utafungua pazia kwa dakika mbili, pengine hautafungua siku hiyo. Kupanda ni kazi yetu, lakini kuona ni zawadi.

Musa alijua jambo hili kuliko sisi sote. Aliwaongoza watu miaka 40 jangwani. Akiwa na umri wa miaka 120 alipanda mlima Nebo, na Mungu akamwonyesha nchi yote ya ahadi, upande huu na upande ule, kisha akamwambia kwamba hataingia. Musa akafa huko huko. Akili ya kibinadamu yaweza kusema huu ni ukatili. Lakini Musa hakuitazama nchi ile kama kitu alichonyang'anywa. Aliitazama kama mzee atazamavyo shamba watakalolima wajukuu. Alikuwa amekwisha kumwekea Yoshua mikono.

Katika mitaa yetu wako wazee wa namna hiyo. Wako walimu wa kanisa waliotembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji, wakafundisha chini ya mti, wakafa kabla ya matofali ya kwanza kupangwa. Wapo waliopanda miti ambayo leo twaegesha baiskeli zetu kivulini mwake. Waliona kwa mbali, wakashukuru.

Na msitu wenyewe watufundisha hivyo hivyo. Vijito vinavyoanzia Uporoto na milima jirani hushuka kwenye mpunga wa Usangu, vikaingia Ruaha Mkuu, vikaenda mpaka mabwawa ya Mtera na Kidatu yanayotoa umeme. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kwa sababu sisi wa huku juu na wa Usangu twayatumia maji bila kuwakumbuka walio chini. Anayechoma moto mlimani ili apate majani mapya hatamwona mtu wa chini atakayekosa maji. Naye anayeuacha mti usimame hatamwona mtu atakayekunywa. Mungu anawaona wote wawili.

KUTAZAMA NA KULIA

Habari ya tatu ndiyo kubwa. Bwana wetu alipokuwa akiteremka mlima wa Mizeituni, watu wakishangilia na kutandika nguo zao njiani, aliuona mji wa Yerusalemu mbele yake. Ulikuwa mji mzuri, na hekalu lake lilikuwa fahari ya taifa. Kila msafiri aliyefika pale alifurahi. Yesu aliutazama, akaulilia.

Aliona nini ambacho wengine hawakukiona? Aliona watu ndani ya nyumba. Aliona adhabu itakayowapata, na watoto wao pamoja nao, kwa sababu hawakutambua yaliyo ya amani. Macho ya Ibilisi huona fahari bila watu. Macho ya Kristo huona mtoto aliye chini ya paa.

Basi turudi juu ya Gangilonga na tuyaombe macho hayo. Ukitazama mbali zaidi ya mji utayaona mashamba. Mkoa wa Iringa ni kati ya mikoa inayolisha nchi hii. Mahindi yetu huenda Dar es Salaam, viazi vyetu hupakiwa malori kwa malori, parachichi za Njombe na Rungwe husafirishwa mpaka Ulaya. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Iringa asilimia 56.9 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 30. Jirani zetu wa Njombe walikuwa na asilimia 50.4.

Wapendwa, maana yake ni kwamba katika kila watoto kumi wa mkoa wenye ghala zilizojaa, zaidi ya watano hawakui kama Mungu alivyowakusudia. Mtoto aliyedumaa hana alama ya kuonekana kwa mbali. Halii kuliko wengine. Twasema tu kwamba ni mfupi kama babu yake. Lakini udumavu hugusa ubongo pia, na siku 1,000 za kwanza, tangu mimba kutungwa hadi mtoto kutimiza miaka miwili, zikipita hazirudi.

Sababu si uvivu wa akina mama. Mara nyingi sababu ni mama kuwa na kazi nyingi mno. Huondoka alfajiri kwenda shamba, mtoto akabaki na dada yake mwenye miaka saba, akala ugali mtupu au uji mwepesi mara mbili kwa siku. Maharage yako ndani, lakini yamewekwa kwa ajili ya kuuzwa. Mayai hupelekwa sokoni. Maziwa huuzwa. Parachichi ziko mtini, lakini mnunuzi amekwisha kuzihesabu. Na fedha zinapopatikana, si mama anayeamua matumizi yake. Hapo akina baba yatupasa kusikia, maana neno hili ni letu kwanza.

KUSHUKA

Bwana wetu hakubaki juu akilia. Aliteremka, akaingia mjini. Machozi yasiyoshuka mlima ni umande tu, jua likitoka hukauka.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu kwa vikundi vitakavyopanda. Kwanza, mkifika juu nyamazeni dakika kumi, bila simu wala wimbo, kila mtu autazame mji. Pili, kila mmoja achague paa moja, liwe la jirani, la mgonjwa, au la mtu aliyegombana naye, alitaje mbele za Mungu. Tatu, kabla ya Jumapili inayofuata aende kwenye nyumba ile. Asiende na hotuba. Aende na mayai machache au kopo la karanga, aulize habari, ashike mtoto. Kama mama hajafika kliniki kwa muda mrefu, amsindikize. Kama amechoka, ambebee ndoo. Umoja wa Mama wanajua nyumba nyingi za namna hiyo, wapewe nafasi ya kutuongoza.

Na wazee ambao miguu yao haipandi tena wasidhani wamebaki nyuma. Wao ndio watakaotuambia, tukishuka, ni paa la nani tulilolitazama.

Tuombe. Ee Mungu, uliyeifanya milima na kuona kila mtoto chini yake, utuondolee macho ya tamaa, utupe subira ya Musa na machozi ya Mwanao. Tukipanda, utulinde tusianguke. Tukiona, utupe shukrani. Na tukishuka, uongoze miguu yetu hadi mlango tunaopaswa kuubisha. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.