Madai ya Adui

Katika vibanda umiza vya Tanzania, ambako filamu za nje hutazamwa huku mfasiri akiongea juu ya sauti za waigizaji, wahusika ni wa aina mbili tangu zamani: steringi na adui. Steringi hafi. Adui hufa mwishoni, na kadiri alivyokuwa katili ndivyo watazamaji wanavyoshangilia kifo chake. Mgawanyo huo uliwatosha watazamaji wa Rambo na wa filamu za kung-fu. Hautoshi tena kwa filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, kwa sababu adui wa siku hizi anakuja na hoja. Mwaka 2018 walikuja wawili kwa mpigo, Erik Killmonger wa Black Panther na Thanos wa Avengers: Infinity War, na mashabiki wakagawanyika papo hapo. Wapo wanaosema Killmonger alikuwa na haki. Wapo wanaojibu kwamba muuaji ni muuaji, basi. Ubishi huo ungalipo, na kwa jinsi unavyoendeshwa sioni utaishaje, maana pande zote mbili zimeafikiana kimyakimya juu ya jambo moja lisilo kweli: kwamba shutuma anayoitoa mtu na hukumu anayoipitisha ni kitu kimoja, ukiikubali ya kwanza umeikubali na ya pili, ukiikataa ya pili umeitupa na ya kwanza. Mtu aweza kuwa shahidi mkweli na hakimu dhalimu kwa wakati mmoja, na Killmonger ndiye huyo.

Tuanze na ushahidi wake. Baba yake, N'Jobu, alikuwa mwana wa mfalme wa Wakanda aliyetumwa Marekani kama jasusi. Akiwa Oakland aliona jinsi Weusi wa huko wanavyoishi, akaona pia kwamba nchi yake ina uwezo wa kuwasaidia lakini imejificha nyuma ya pazia, akaanza kula njama ya kuwapelekea silaha. Mwaka 1992 ndugu yake, Mfalme T'Chaka, akamuua, kisha akamwacha mtoto palepale ili siri isivuje. Mtoto huyo alipokua tunamkuta London, katika jumba la makumbusho ambalo filamu imelibuni, amesimama mbele ya kabati la vioo akimuuliza msimamizi habari za vitu vya Afrika vilivyomo. Mama yule anajibu kwa adabu: hiki cha Ashanti, kile cha Benin. Kufika kwenye shoka moja Killmonger anamsahihisha, kwamba Waingereza walilichukua Benin lakini lilitengenezwa Wakanda. Kisha anamuuliza wazee wake walivipataje vitu hivi, je, walivinunua kwa bei ya haki? Wakati huohuo kahawa aliyokunywa mama yule imeshatiwa sumu, na muda si mrefu anaanguka.

Wakanda haipo, lakini swali lipo. Majeshi ya Uingereza yaliuteka na kuupora mji wa Benin mwaka 1897, na mamia ya vitu vya huko vimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mpaka leo. Kwetu pwani, Wamijikenda wameibiwa vigango, nguzo wanazowasimamishia wazee wao waliofariki, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara hadi vikaishia katika makumbusho ya Marekani. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa Kenya, na kurudi kwake kukawa habari kubwa kwa sababu visivyorudi ni vingi. Sasa tazama lile tukio tena. Katika dakika chache mtu mmoja ameuliza swali la kweli na ameua. Shabiki wa kwanza anashika swali, wa pili anashika kikombe. Lakini kifo cha msimamizi hakikulifanya shoka kuwa mali halali ya jumba lile, wala wizi wa shoka haukuipunguzia sumu ukali wake.

Waislamu wana kisa kinacholiweka jambo hili wazi kuliko filamu yoyote. Abu Huraira aliwekwa alinde zaka ya Ramadhani. Usiku akaja mtu anachota chakula. Akamkamata, yule akalia shida, akamwachia. Usiku wa pili yakawa yaleyale. Usiku wa tatu alipotishiwa kufikishwa kwa Mtume, mwizi akajikomboa kwa kumfundisha Abu Huraira asome Ayatul Kursi kabla ya kulala, atalindwa dhidi ya shetani hadi asubuhi. Mtume alipohadithiwa alisema kwamba mtu yule kasema kweli ilhali ni mwongo, kisha akamfahamisha kuwa mgeni wake wa siku tatu alikuwa Shetani mwenyewe. Ukweli ulipokewa, na Waislamu wanaufuata hadi leo. Hakuna aliyesema kwamba kwa kuwa umetoka kinywani mwa Shetani basi si ukweli, na hakuna aliyesema kwamba kwa kuwa Shetani kasema kweli basi chakula cha masikini alichokuwa akiiba kilikuwa halali yake. Wanaodhani kuwapima maadui wa namna hii ni mchezo wa watoto wa siku hizi wakumbuke pia kwamba sufi al-Hallaj, aliyeuawa Baghdad mwaka 922, alithubutu kumsemea Iblis mwenyewe: kwamba alikataa kumsujudia Adamu kwa kuwa hakutaka kumsujudia yeyote ila Mungu. Wengi hawakumkubalia, na mimi simkubalii, lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba suala lenyewe ni la kipuuzi.

Kutenganisha shutuma na hukumu kuna faida nyingine: kunatulazimisha tuulize kwanza kama shutuma ipo. Ukimpima Thanos kwa njia hii huoni kitu. Katika katuni ya The Infinity Gauntlet ya mwaka 1991 anaangamiza nusu ya viumbe ili kumpendeza Mauti, ambaye humo ni mwanamke. Filamu ilimwondolea mapenzi hayo ikampa hoja ya uchumi, watu wengi na riziki chache, hoja ambayo Thomas Malthus alikwisha kuiandika mwaka 1798. Basi tupige hesabu yake. Mwaka 2018 dunia ilikuwa na watu takriban bilioni 7.6. Nusu yao ni idadi iliyokuwapo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mauaji makubwa kuliko yote yangeirudisha dunia nyuma chini ya miaka 50, kisha watu wakazaliwa tena. Hata hivyo kosa la hesabu si kubwa kama hili la pili: Thanos hamdai mtu. Hakuna aliyemdhulumu. Sayari yake iliangamia, ndiyo, lakini msiba haumpi mtu mdeni. Wanaomweka kundi moja na Killmonger wamevutiwa na sauti yake ya upole tu.

Pingamizi lenye uzito halihusu Thanos. Linasema hivi: kumwambia aliyedhulumiwa awe shahidi asiwe hakimu ni ushauri wa mtu aliyeshiba. Shahidi anahitaji mahakama. Killmonger angempeleka wapi T'Chaka, wakati muuaji ndiye mfalme na mfalme ndiye sheria? Asiye na baraza la kumsikiliza atafanya nini ila kujichukulia haki yake? Dawa ya moto ni moto. Hoja hii siidharau, kwa sababu nje ya filamu ndiyo hali ya wengi. Lakini kwa Killmonger mwenyewe haisimami, na inashangaza jinsi mashabiki wake wanavyolisahau jambo hili. Yeye alilipata baraza. Aliletwa mbele ya kiti cha enzi akiwa amefungwa pingu, akataja jina la baba yake mbele ya wazee, na mila ya Wakanda ikamruhusu kushindana na mfalme, ambaye sasa alikuwa T'Challa, mwana na mrithi wa T'Chaka. Akashindana, akashinda, akakalia kiti. Mlango wa haki ambao wadhulumiwa wengi hawauoni maishani ulimfungukia siku moja. Alipoingia alifanya nini? Aliamuru ichomwe bustani ya mmea unaowapa wafalme nguvu, na mama mzee anayeitunza alipopinga, akamkaba koo. Hakuna deni la baba yake lililolipwa na moto ule. Ulichokifanya ni kuhakikisha kwamba baada yake hatatokea mtu wa kumpinga kama yeye alivyompinga T'Challa.

Hata pale ambapo baraza halipo kweli, wanaokubali kwamba mtu aweza kushika silaha hawakumwachia afanye apendavyo. Khalifa Abu Bakr alipowatuma askari wake Sham aliwausia wasiue mwanamke, mtoto wala mzee, wasikate miti yenye matunda. Thomas Aquinas, kwa upande wa Wakristo, aliandika kwamba sababu ya haki peke yake haitoshi. Nia nayo ipimwe. Kwa wosia wa Abu Bakr peke yake, bibi na bustani vingesalimika.

Mashabiki wake wana jibu, na ni jibu zuri: bibi na bustani viliwekwa na waandishi. Mhusika alikuwa anaanza kueleweka mno, wakampachika ukatili ili watazamaji watoke ukumbini wakiwa upande wa mfalme. Nakubali kwamba hila hiyo ipo katika filamu nyingi, na ni hila ya uoga: unampa adui hoja usiyoweza kuijibu, halafu unamfanya aue mtu ili usiulizwe tena. Kwa Killmonger, lakini, ukatili una asili yake ndani ya hadithi. Alifunzwa na jeshi la Marekani kuingia nchi za watu wakati uongozi unabadilika, kuua na kuvuruga, na jasusi Ross analieleza hilo waziwazi. Alijichanja mwilini alama moja kwa kila aliyemuua. Alipofika Wakanda aliifanyia nchi ya baba yake kazi ileile aliyofundishwa na dola anayoichukia. Na waandishi hawakuitupa shutuma pamoja naye: T'Challa anakwenda kuonana na mizimu, anamwambia baba yake usoni kwamba alikosea kumwacha mtoto yule, na mwishoni ananunua majengo ya Oakland ili afungue kituo cha kusaidia watu. Kwa maoni yangu malipo ni madogo na bei kaipanga mdaiwa peke yake. Lakini deni lilikubaliwa, jambo ambalo wale wa "muuaji ni muuaji" hawajalifanya, na inawafaa wasilifanye, kwa kuwa kauli yao humstarehesha kila anayedaiwa.

Aliyeandikwa kwa kina kuliko wote katika suala hili ni Magneto, adui wa mashujaa wa X-Men. Alizuliwa mwaka 1963 kama adui wa kawaida tu, na ni baadaye, mwaka 1981, mwandishi Chris Claremont alipompa maisha ya nyuma: mtoto aliyenusurika Auschwitz. Katika filamu ya X2 ya mwaka 2003, mwanajeshi Stryker anaunda mtambo wa kuwaua mutanti wote duniani, yaani watu waliozaliwa na nguvu za ajabu kama Magneto mwenyewe. Magneto anaufikia, ana nafasi ya kuuvunja, lakini anahamisha vibao vyake ili uwaue binadamu wote badala yao. Mtambo ni uleule. Claremont alikuwa ameshaona mbali zaidi: katika toleo lile la 1981 Magneto anazamisha nyambizi ya Kisovieti iitwayo Leningrad pamoja na mabaharia wake, kisha anampiga binti wa Kiyahudi, Kitty Pryde, akidhani amemuua, na hapo anajiona amefanana na waliomuulia jamaa zake. Mwaka 1985 hatimaye anafikishwa mahakamani Paris, nyambizi ikiwa miongoni mwa mashtaka. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kumsikiliza kama shahidi na kumhukumu kama mshtakiwa, na ndipo mwandishi aliposhindwa: mahakama inavamiwa, kesi inavunjika, Magneto anaondoka kwenda kuwa mkuu wa shule ya mutanti. Nimeona mashabiki wakimtetea kwa Auschwitz, na wana haki ya kuitaja. Lakini mabaharia wa Leningrad nao waliacha watoto, na watoto hao wana madai ya kweli kama yake, juu yake, ambayo hakuna aliyeyasikiliza hadi mwisho.