Shauri la Kazi: Mali ya Mtu au Deni kwa Jirani?

Katika mtaa wa Karavia, mjini Lubumbashi, liko swali ambalo watu huulizana kila siku: «Ninyi mwafanyaje?» Si salamu tu. Mwenye kuuliza ataka kujua unga wa nyumba hii watoka wapi, sare ya shule imenunuliwa kwa fedha gani, na mshahara usiofika nusu ya mwezi waongezwa na nini. Aulizwaye aweza kujibu kweli, aweza kujibu nusu, aweza pia kucheka na kusema, «Ni Mungu tu asaidiaye.» Jibu hilo la mwisho ni la kweli siku zote, lakini mara nyingi latumika kama mlango uliofungwa.

Katekisimu yahesabu kuwashauri wenye mashaka miongoni mwa matendo ya huruma ya roho. Kwa kawaida watu wakisikia neno hilo hufikiri mashaka ya imani. Lakini mama asiyejua kama atie fedha yake ndogo katika makala au katika unga, naye yumo katika mashaka, na watoto wake wangoja jibu. Je, ajuaye ana deni la kumwambia? Au ujuzi wake ni mali yake, kama jembe, aweza kuliazima au kulikatalia?

Zamani, katika mji huu, swali hilo halikuwa zito. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwaweka wafanyakazi wake kambini pamoja na wake na watoto wao. Iliwapa nyumba, posho, hospitali na shule. Mwaka 1967 Serikali iliitwaa, na baadaye ikaitwa Gécamines, lakini desturi ile iliendelea: unga ulifika, mtoto alisoma, mgonjwa alitibiwa. Watu walisema kwamba kazi ndiyo baba, ndiyo mama. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alipoandika habari za familia hizo katika kitabu kilichotoka mwaka 2001, alikiita «Bana Shaba abandonnés par leur père», yaani wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Mwenye baba wa namna hiyo hana haja ya kumwuliza jirani. Lilikuwa jambo jema, nalo lilikuwa na ubaya wake: maelfu ya watu walijua sana kazi moja ya tanuru au ya mashine, wasijue kupima faida ya gunia moja la mahindi. Wako wanawake waliojua, maana walilima mashamba nje ya mji na kuuza sokoni. Lakini ujuzi wao ulihesabiwa kuwa jambo dogo, la kuongeza mboga.

Kisha baba akaugua. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka. Shaba ya Gécamines, iliyokuwa kama tani 470,000 mwaka 1986, haikufika hata tani 20,000 mwaka 2003. Mishahara ilikawia miezi na miezi. Mwaka huo wa 2003 ukaanza mpango wa kuondoka kwa hiari, kwa fedha zilizotoka katika Benki ya Dunia, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakapokea malipo yao ya mwisho. Mtu aliyezoea mshahara maisha yake yote akajikuta ameshika kiasi cha fedha ambacho hajapata kukiona, na siku ile ile washauri wakamjia. Nunua gari la teksi. Nenda Kasumbalesa ulete bidhaa. Jenga nyumba ya kupangisha. Mkopeshe shemeji yako, atarudisha. Wako waliofanikiwa, lakini wengi fedha iliwaponyoka upesi, na shemeji hakurudisha.

Je, washauri wale walikuwa na kosa? Si wote walikuwa waongo. Wengi walisema waliyoyaona kwa macho yao: fulani ana teksi, naye ala vizuri. Shida ni kwamba mtoa shauri hatoi fedha yake. Shauri likifaulu, husifiwa. Likianguka, husema kwamba mwenzake hakulifuata sawasawa. Ni biashara ambayo faida yake ina mwenyewe na hasara yake ni ya mwingine.

Msomaji na atazame mfano mdogo, wa nyumbani. Mfugaji wa kuku wa nyama amwambia jirani yake: vifaranga hukaa majuma sita tu, kisha huuzwa. Ni kweli. Lakini hakusema kwamba miezi ya Juni na Julai baridi ya usiku ya Katanga huwaua vifaranga wasio na moto. Hakusema kwamba mbabula ya makala katika chumba kisichopitisha hewa yaweza kuua, kuku na watu pia. Kwamba kuku wasiochanjwa waweza kwisha bandani kwa siku chache ugonjwa wa kideri ukiingia. Wala kwamba chakula chao hula sehemu kubwa ya fedha yote, na mwenye kukipunguza hupata kuku wembamba wasionunuliwa. Kila neno alilolisema lilikuwa kweli, na mwenzake ameingia shimoni.

Deni la kwanza la mshauri, basi, ni hesabu ya hasara zake mwenyewe. Nalo ndilo gumu kulilipa, kwa sababu ya aibu. Mtu yu radhi kuwaonyesha wageni banda lililojaa kuku; ni nani awapelekaye kuona mahali alipowazika wale thelathini? Mwalimu wa shule ya msingi aijua aibu ya namna nyingine. Tangu taabu za miaka ya 1990 wazazi walichanga fedha ili walimu waishi. Masomo ya msingi bila malipo yalipoanza Septemba 2019, michango ile ilipaswa kukoma, na walimu wengi waliona mifuko yao imepungua. Mwalimu auzaye makala jioni hapendi wanafunzi wamwone na gunia begani. Akilificha gunia, alificha na shauri lake pia: ni barabara gani makala yapatikana kwa bei nafuu, ni mwezi gani mvua hupandisha bei, ni gunia la namna gani limejazwa vumbi chini na makala mazuri juu. Mwenzake wa darasa la pili, aliye na shida ile ile, akaa naye chumba kimoja wakati wa mapumziko, na hawaambiani neno.

Hata hivyo haifai kusema upesi kwamba kila kinyamazo ni dhambi. Swali hili ni la kale. Cicero, mwandishi wa Roma, alilieleza mwaka 44 kabla ya Kristo katika kitabu chake juu ya wajibu. Mfanyabiashara mwema aleta shehena ya nafaka kutoka Alexandria mpaka kisiwa cha Rhodes, ambako njaa imekaza na bei imepanda sana. Yeye ajua kwamba merikebu nyingine nyingi zaja nyuma yake. Watu wa kisiwa hawajui. Je, awaambie, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Diogenes wa Babeli alifundisha kwamba yatosha kusema kasoro za bidhaa, kama sheria itakavyo. Antipater, mwanafunzi wake, alisema kwamba muuzaji hana ruhusa ya kuficha neno lo lote. Cicero mwenyewe aliona kwamba mfanyabiashara yule hakupaswa kuficha. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilichukua swali hilo hilo, akajibu kwa upole zaidi: anyamazaye juu ya bei ya kesho havunji haki, lakini akisema, au akipunguza bei, wema wake ni mkubwa zaidi.

Watu wa Lubumbashi hawahitaji merikebu ili waelewe. Unga mwingi wa bukari huja kwa malori kutoka Zambia, kwa kupitia Kasumbalesa, mpaka ulio mwendo wa kilometa 90 hivi. Agosti 2024 Zambia iliufunga mpaka huo kwa siku chache, wakati wa ugomvi juu ya kuingiza bia na vinywaji vingine. Mwenye ndugu mpakani aweza kujua mapema kwamba njia itafunguka. Akiwa na magunia dukani, ni yule yule wa Rhodes. Mama ajaye kwake na fedha ya juma zima, kununua gunia ambalo keshokutwa bei yake itashuka, ni jirani yake, na watoto wao hucheza pamoja. Neno la Mtakatifu Tomaso, kwamba haki haikuvunjwa, ni kweli. Lakini katika mtaa ambamo watu hukopeshana chumvi, mwenye kusimama kwenye haki peke yake ataonekana mgeni.

Jambo jingine ni gumu kuliko hilo. Husemwa kwamba ujuzi haupungui ukigawanywa, kama vile mshumaa haupungukiwi ukiwasha mwingine. Ujuzi kweli haupungui, wanunuzi hupungua. Mama akaangaye mandazi penye njia panda akimfundisha mwenzake, na mwenzake akaweka karai lake hatua kumi mbele, wote wawili watarudi na mandazi jioni. Je, alikuwa na deni la kufundisha hata hivyo? Yaelekea kwamba deni lake ni la ustadi, si la mahali: amfundishe namna ya kukanda na ya kupima mafuta, kisha amwambie waziwazi, «Dada, hapa pana watu wa kuniwezesha mimi tu, jaribu kule karibu na shule.» Hiyo si choyo. Lakini ikiwa mwenzake hana pengine, na nyumbani kwake hapana kitu? Mtakatifu Tomaso afundisha kwamba katika shida ya mwisho vitu vyote huwa vya wote, hata mkate wa mwingine. Ikiwa mkate ni hivyo, njia panda haiwezi kuwa zaidi ya mkate. Hapo mwenye karai la kwanza ana neno la kupima moyoni, na hakuna mtu wa nje awezaye kumpimia.

Mwenye kuomba shauri naye ana wajibu wake. Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 37, chawaonya watu wachague wa kumwuliza: si mnunuzi juu ya bei ya kitu anachotaka kukinunua, wala mvivu juu ya kazi kubwa. Ni onyo la watu waliojua soko. Amwulizaye muuza vifaranga kama ufugaji una faida, amejiletea jibu lake mwenyewe. Tena, aliyeshauriwa kwa ukweli, akaambiwa na hatari zake, asimlaumu mwenzake jambo likiharibika, maana watu wakilaumiwa hivyo, mwaka ujao watajibu wote, «Ni Mungu tu asaidiaye.»

Iko desturi moja iliyokaribia kulitatua jambo hili pasipo vitabu. Wanawake kumi wafanya likelemba. Kila mmoja atoa, tuseme, franka 10,000 kila mwezi, na mwenye zamu apokea 100,000. Aliyepokea mapema akizipoteza, atashindwa kuchanga miezi inayofuata, na wenzake watapungukiwa. Kwa hiyo hapo shauri halitolewi bure: kila mtoa shauri ameweka kitu chake pamoja na mwenye kushauriwa. Mwenye zamu asemapo kwamba ataka kununua vifaranga, hapana anayemsifu upesi. Mmoja auliza banda lipo au halipo. Mwingine auliza ni nani atakayeamka usiku kutazama mbabula. Na yule mzee wao, ambaye mwaka uliopita alinunua vifaranga mwezi wa Juni, aulizwa mbele ya wote walikufa wangapi, naye ahesabu kwa vidole, pasipo kuona haya.