Anzia Difu, Injini Itafuata

Kijana wa Ilomba, Mbeya, lile gari lako nalijua. Limekaa nyuma ya nyumba juu ya matofali, pikapu ya zamani au Landrova 109 iliyochoka kubeba watu na viazi. Kila jioni unalizunguka. Kichwani mwako limeshapakwa rangi na kushushwa kimo, linanguruma barabara ya Tanzam kutoka Sae hadi Uyole, na watu wa Mwanjelwa wanasimulia. Ukiulizwa umekwama wapi, jibu lako ni lile lile: "Natafuta injini."

Acha kwanza kutafuta injini. Lala chini ya gari, utazame nyuma.

Nguvu ya injini inapita klachi, giaboksi, propela shafti, difu na ekseli, ndipo tairi lisukume ardhi. Safari hiyo ikiwa na kituo kimoja dhaifu, nguvu zote zinafia hapo. Mtia 1HZ ya Toyota, silinda 6, cc 4,164, kwenye ekseli iliyotengenezewa injini ndogo atafurahi kwa siku chache. Siku atakapoachia klachi kwa pupa akiwa na mzigo, meno ya pinioni yatakatika na gari litarudi gereji kwa kamba. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Chukua kalamu. Ndani ya difu kuna gia kubwa, krauni, na gia ndogo, pinioni. Gawanya meno ya krauni kwa meno ya pinioni. Krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 10 ni difu ya 4.1, maana yake propela inazunguka mara 4.1 ili tairi lizunguke mara 1. Namba kubwa inavuta, namba ndogo inakimbia.

Difu yako haina kibao? Egesha pa tambarare, zuia magurudumu mengine kwa mawe, weka gia huru, achia hendibreki. Inua tairi moja la nyuma kwa jeki, ekseli ikae juu ya stendi imara. Piga alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela. Zungusha tairi hilo mara 2 kamili, mwenzako ahesabu mizunguko ya propela. Jibu lake ndilo namba ya difu yako, na gharama ni kipande cha chaki.

Landrova za Series zilitoka kiwandani na difu ya 4.7. Zile 110 zilizozifuata zilikuja na 3.54. Chukua tairi lenye mzingo wa mita 2.5 hivi, giaboksi ikiwa kwenye gia ya moja kwa moja, mwendo kilomita 80 kwa saa. Ukiwa na 4.7 injini inazunguka kama mara 2,500 kwa dakika. Ukiwa na 3.54 haifiki 1,900. Injini inapumua na mafuta yanadumu. Lakini jihadhari: 4.7 inazidi 3.54 kwa karibu theluthi nzima ya nguvu ya kuvuta. Mlimani utaidai theluthi hiyo.

Nawe unaishi mlimani. Mchezo huu wa kuunda magari ya mbio kutokana na magari ya zamani ulipamba moto California miaka ya 1930. Vijana walivua Ford zao mabati wakaenda kushindana kwenye ziwa kavu la Muroc, na mwaka 1937 wakaunda chama chao, SCTA. Wao walikuwa na tambarare isiyo na mwisho. Wewe una Mlima Nyoka, una mteremko wa Iwambi, una Kawetere ukielekea Chunya. Tena Mbeya ipo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Difu iliyopigiwa hesabu ufukweni itakuaibisha hapa. Piga hesabu yako hapa hapa Ilomba.

Kingine walichotufundisha Wamarekani hao ni kuchagua ekseli inayotengenezeka. Waliipenda ekseli ya Ford ya inchi 9, iliyoanza mwaka 1957, kwa uimara wake na kwa sababu difu inatoka nzima kwa mbele, hausing ikibaki garini. Unaifanyia kazi mezani, unabadili namba, unarudisha. Ekseli ya Hilux nayo iko hivyo. Salisbury ya Landrova 109 ni jabali, ila difu yake haitoki nzima. Hushughulikiwa ndani ya hausing, na inataka fundi mtulivu.

Kabla hujalipa pesa ya ekseli, pima upana wake kutoka breki hadi breki, hesabu tundu za boliti za ringi, angalia mahali springi zinapokaa, kagua mafuta kama yana chenga za chuma. Gari likibaki la kuvuta mbele na nyuma, difu zote mbili ziwe na namba moja, la sivyo zitapigana zenyewe. Ukipandisha tairi kutoka kipenyo cha sentimita 75 hadi 85, kumbuka 4.1 yako imegeuka kama 3.6. Propela ikikatwa, ipimwe mizani, na krosi zake zikae kwa pembe zinazolingana. Na yeyote akikushawishi kuchomelea difu, mkatalie: kwenye kona ya lami magurudumu mawili yanataka mwendo tofauti, na kitakachokatika ni ekseli. Breki zilingane na injini mpya, maana Iwambi haisamehe. Namba ya injini imo kwenye kadi ya gari. Ukiibadili, pita TRA.

Utasema huna elimu hiyo. Mgawanyo wa 41 kwa 10 uliufanya shule ya msingi. VETA ipo mjini, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kipo mjini, na mzee wa gereji aliyefungua difu mia moja anakaa mtaa wa pili. Mwamkie, mshikie spana, muulize. Hawezi kukunyima aliyoyajua kwa mikono yake.

Jumamosi hii toa hayo matofali. Chukua chaki, andika ukutani mwa gereji namba tatu: uzito wa gari, kipenyo cha tairi, namba ya difu. Zikishakaa pale ukutani, ndipo uende kutafuta injini.