Fundi wa Ndege na Vilele Vyake

Katika mji wa Seattle, huko Marekani, ambako kampuni ya Boeing iliasisiwa mwaka 1916, na ambako chama cha wapanda milima kiitwacho The Mountaineers kilikuwa kimekwisha kuasisiwa miaka 10 kabla yake, si ajabu kusikia katika taazia ya mzee mstaafu kwamba siku za kazi alikuwa fundi wa ndege, na siku za faragha alikuwa juu ya theluji ya Mlima Rainier, wenye kimo cha mita 4,392. Mlima ulio mfupi kuliko Kibo cha Kilimanjaro, naam, lakini barafu yake yaipita ya Kibo kwa mbali mno.

Jamaa husimulia vilele, kiwanda hukitaja kwa neno moja, nami naona wanamdhulumu marehemu. Kwani fundi ambaye kazi zake nyeti hukaguliwa kwa jicho la pili kabla ndege haijapata idhini ya kuruka, haoni taabu kumwomba sahibu aliyefungwa naye kamba moja amtazamie fundo lake kabla ya kuvuka nyufa za barafu. Na yule aliyewahi kurejea karibu na kilele kwa sababu hali ya hewa imegeuka, hatahayari kumwambia msimamizi wake kwamba ndege hii leo haitoki. Sifa hiyo ningependa isomwe mazikoni mbele ya orodha ya vilele, maana abiria waliosafiri salama kwa kazi ya mikono yake hawakumjua hata jina, wala hawatafika matangani kumshuhudia.