Ukingo wa Dari

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8, ipo amri fupi ambayo wengi wetu huipita haraka tukielekea kwingine. Inamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari yake, ili mtu akianguka kutoka juu, hatia ya damu isiikalie nyumba ile. Neno dari hapo si dari tunayoijua leo, ile ya jipsamu au mbao inayofunika kenchi. Ni paa tambarare, mahali watu walipopumzika jioni, walipoanika kitani kama Rahabu kule Yeriko, na alipopanda Petro kusali kule Yafa. Wenyeji walipanda huko kila siku, na wageni na watoto pia.

Amri hii haimuulizi mjenzi kama alikusudia mtu aanguke, wala haisemi kwamba aliyeanguka angejiangalia mwenyewe. Inaweka wajibu mapema, siku ya kujenga, juu ya mtu ambaye huenda hatakuwapo kabisa siku ya ajali. Kwa hiyo nyumba si mali ya mwenyewe tu. Ni jambo ambalo mjenzi anawatendea watu wengine kwa miaka mingi bila kuwaona. Sisi hatuna mapaa ya kulalia. Tuna mapaa ya bati, na chini yake wamo watu, na swali ni kama amri ile bado ina la kutuambia.

Tulitazame jengo tunalolifahamu wote, maana yapo ya namna hiyo katika kila mji wa pwani kuanzia Tanga hadi Mtwara. Kuta ni za tofali za saruji, paa ni bati lisilo na dari, madirisha ni ya vioo vya kusukuma. Linaweza kuwa kanisa, darasa, bweni au nyumba ya mchungaji. Saa nane mchana bati limepata moto kiasi kwamba huwezi kuliwekea mkono, na moto huo haubaki juu. Unawashukia walio ndani kama wamekaa chini ya jiko. Dirisha la kusukuma, hata ukilifungua lote, linaachia nusu tu ya nafasi yake, kwa kuwa kioo kimoja lazima kijifiche nyuma ya kingine. Tunalipia dirisha zima na kupata upepo wa nusu. Kisha tunafunga mapangaboi, nayo yanazungusha hewa ileile ya moto. Yakishindwa, panaitishwa changizo la viyoyozi.

Kuanzia hapo kila mwezi mtu fulani hana budi kununua LUKU. Mtu huyo si mfadhili aliyetoa mabati, wala mgeni rasmi aliyeweka jiwe la msingi, na fundi alikwisha kulipwa akaenda zake. Anayelipa ni mama anayeuza maandazi na kuleta sadaka yake Jumapili, na mzazi anayelipa ada ya bweni. Hawakuulizwa dirisha liwe la namna gani, na jengo hili huenda likasimama miaka 40. Mahali pasipo na fedha ya kiyoyozi, malipo hutoka mwilini: mtoto asiyepata usingizi, mwalimu anayefupisha kipindi cha mchana kwa sababu darasa limekwisha kulala, mzee anayeacha kuja ibada ya pili. Hakuna aliyeanguka kutoka juu, na hakuna damu sakafuni. Hata hivyo tunaona ni vigumu kusema kwamba mjenzi hahusiki.

Wapo watakaosema umeme sasa si shida. Ni kweli kwamba Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji limejengwa kwa uwezo wa kuzalisha megawati 2,115, na sisi tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini umeme kuwapo si sawa na umeme kuwa bure. Mto uliojaa hauongezi shilingi katika mfuko wa sadaka.

Pingamizi lingine lina uzito zaidi. Tunaambiwa kwamba habari za majengo ya kutunza mazingira ni somo la Wazungu, ambao viwanda vyao ndivyo vilivyochafua anga, nasi tunaojikongoja na mifuko michache ya saruji tunaombwa tuzibe ufa tusioutoboa. Hoja hii ina haki yake. Saruji hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa katika joto la nyuzi 1,450 hivi, na viwanda vya saruji duniani hutoa karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu, lakini sehemu kubwa kabisa ya saruji hiyo haijengwi kwetu. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, hakuficha kwamba nchi tajiri zina deni kwa nchi maskini. Basi hatuliombi kanisa la kijijini liibebe mbingu yote. Amri ya ukingo ni ndogo kuliko hapo. Inahusu jirani aliye chini ya paa letu, na huyo hakuletwa na Wazungu.

Tena mengi ya kumfanyia jirani huyo hayana gharama, ila yanataka yafikiriwe kabla ya kuchimba msingi. Mapokeo ya kale ya Kanisa yalikuwa kuelekeza madhabahu mashariki, kwa sababu ya ufufuo na kwa kumngoja Bwana. Waliofanya hivyo katika nchi za baridi hawakuwa wakifikiria joto letu. Lakini kanisa la namna hiyo likisimama Dar es Salaam, karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kuta zake fupi ndizo zinazotazama mashariki na magharibi, ambako jua la asubuhi na la alasiri hupiga kwa chini hadi ndani, wala upenu hauwezi kulizuia. Kuta zake ndefu hutazama kaskazini na kusini, na huko upenu wa wastani tu hutosha kuzitia kivuli kwa sehemu kubwa ya mwaka. Upepo nao, kama kila mvuvi ajuavyo, huja kama kaskazi kuanzia Desemba, na kama kusi kuanzia Aprili hivi. Madirisha ya kuta ndefu huupokea kwa zamu. Yaani jengo lililoelekezwa kwa sababu ya imani hupata ubaridi bila kuuomba. Siku hizi tunaelekeza jengo barabarani ili lionekane, na mara nyingi barabara iko magharibi.

Wapo waliolifikiria bati lenyewe. Francis Kéré alizaliwa kijiji cha Gando, Burkina Faso, akasoma utotoni katika darasa lenye joto na giza, akaenda Ujerumani kama seremala, kisha akasomea usanifu wa majengo mjini Berlin. Kabla ya kumaliza masomo alichangisha fedha za kujenga shule ya msingi kijijini kwao, nayo ikakamilika mwaka 2001. Kuta ni za udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Dari ni ya udongo pia, yenye matundu, na bati limeinuliwa juu mbali na dari kwa fremu za nondo, hata upepo unapita katikati na kulichukua joto kabla halijawafikia watoto. Hewa ya moto ya darasani nayo hupanda na kutokea kwenye matundu. Hapana kiyoyozi. Wanakijiji wenyewe, wanaume kwa wanawake, walijenga. Mwaka 2022 Kéré alipewa Tuzo ya Pritzker, Mwafrika wa kwanza kuipata, lakini kwetu sisi la maana zaidi ni kwamba mtu alikumbuka kichwa chake mwenyewe kilivyokuwa kikiuma chini ya bati, akakataa kuwaachia wengine maumivu yaleyale.

Watu wa Gando mwanzoni waliutilia shaka udongo, na hapa hatuna haki ya kuwacheka. Kwetu pia nyumba ya udongo ni nyumba ya anayesubiri kupata. Bati, vioo na saruji vimekuwa ushuhuda kwamba Mungu ametutendea, na washarika maskini wakimjengea Mungu kwa vitu hivyo wanampa kilicho bora machoni pao. Anayewaambia warudi kwenye tope, huku yeye amelala kwenye nyumba ya vigae, anawadhalilisha. Ndiyo maana hatusemi warudi. Matofali ya udongo na saruji ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono, humwagiliwa maji na kukomaa kivulini bila kuchomwa, na ukuta wake ukinyooka hauhitaji aibu yoyote. Tofali la kuchoma ndilo linaloonekana la heshima zaidi huko nyanda za juu, lakini kila tanuru hula kuni, na kuni hizo ni mlima ambao wajukuu wataufuata maji.

Mwisho kabisa mambo haya huamuliwa katika chumba kidogo, na wazee wa kanisa saba au wanane wenye karatasi ya makadirio mbele yao. Fedha iliyobaki inatosha marumaru ya madhabahuni, au dari juu ya washarika pamoja na matundu ya hewa chini ya kilele cha paa, haitoshi vyote. Marumaru yataonekana siku ya uzinduzi na askofu atayasifu. Dari hakuna atakayeitaja. Sisi tungechagua dari, na tungependa sababu hiyo iandikwe katika muhtasari wa kikao, ili kamati itakayokuja baadaye isije ikaing'oa kwa ajili ya kuning'iniza taa. Na kama kiwanja ni chembamba, na jengo halina njia ila kutazama magharibi, basi ipandwe miembe au miarobaini upande huo, mbali kidogo na msingi, mvua za masika zijazo, kabla hata ukuta haujafika kwenye linta.